Ikianza na Ikizidi

Mwanamke mmoja alikuwa na mume ambaye ukuta wa udongo haukuweza kumficha kitu. Mume huyo aliitwa Elinihaki, na kazi aliyopewa na watu wa kitongoji chao kule milima ya Upare ilikuwa kulinda ndiva, yaani bwawa dogo lililochimbwa na wazee wa zamani ili lijae maji usiku na kufunguliwa alfajiri, maji yashuke kwenye mashamba ya mahindi na maharage. Ukuta wa ndiva ulikuwa wa mawe na udongo, hauna saruji hata ya kulamba. Ukuta wa namna hiyo hauvunjiki ghafla. Kwanza hutoa jasho. Hulowa mahali padogo, upande wa chini ambako wapita njia hawatazami, na mtu asiyejua hudhani ni umande. Elinihaki aliupapasa kila asubuhi kwa kiganja kitupu, kutoka mwanzo hadi mwisho, na akikuta jasho hakungoja kitu. Alikwenda kupiga pembe.

Pembe ilikuwa ya tandala, ndefu, nayo ilitundikwa nyumbani kwake juu ya mlango. Upande ule wa mlima simu hazishiki mtandao mpaka mtu apande kileleni, kwa hiyo pembe ndiyo iliyokuwa simu ya watu wote. Ilikuwa na milio miwili tu. Mlio mmoja mrefu maana yake ni maji: kila mwenye nguvu aache alichoshika, achukue jembe na kikapu, akimbilie kwenye ndiva. Milio mitatu mifupi maana yake ni msiba. Mlio wa mtu aliye hai anayehitaji kusaidiwa haukuwepo, na tangu enzi za mababu hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Watu walinung'unika, kama ilivyo kawaida ya watu. Waliacha vyungu motoni, wakapanda wakihema, wakafika wakakuta doa la unyevu ambalo mtu mmoja angelifunika kwa kofia yake. "Hiki ndicho ulichotuitia?" waliuliza. Elinihaki hakuona haya hata kidogo. Aliwajibu, "Mlitaka niwaite mje kuangalia mafuriko?" Basi wakashindilia udongo, wakarudi makwao, na kwa kuwa walikuwa wamewahi, wengi waliamini kwamba hapakuwa na hatari yoyote. Naelijwa, mkewe, alimheshimu sana kwa ukali ule. Chini ya ndiva kulikuwa na nyumba kumi na saba, na yao ilikuwa mojawapo.

Mwaka mmoja Elinihaki alishuka mjini kumtembelea binti yao, Nakiete, aliyeolewa huko, jirani kabisa na hospitali. Siku ya pili, akiwa ameketi barazani, kifua kikamkaba. Nakiete hakuuliza mara mbili. Alimtia baba yake kwenye bajaji, na baada ya dakika kumi alikuwa mikononi mwa madaktari. Wakasema mshipa mmoja unaolisha moyo damu umeziba, wakampa dawa, mshipa ukafunguka. Naelijwa alipofika siku iliyofuata, alimkuta mumewe amekaa kitandani anamtania mgonjwa mwenzake.

Kabla hawajaruhusiwa kuondoka, nesi aliwakalisha wote wawili kwenye benchi. Alikuwa mwanamke mfupi aliyesema na watu wazima kama anasema na watoto wa chekechea, na hakuwaachia mpaka waliporudia maneno yake. Kifua kikibana, au kikiwa kizito kana kwamba kimebebeshwa mzigo. Maumivu yakienda begani, mkononi, shingoni, kwenye taya. Jasho likitoka bila kazi, pumzi ikikata, kichefuchefu kikija. Hata kama ni moja tu kati ya hayo, acheni mnachofanya, njooni. "Nimesema ikianza," alisisitiza huku ameinua kidole. "Sijasema ikizidi. Nimesemaje?" Wakajibu pamoja, kwa aibu kidogo: ikianza.

Sasa tazameni ulimi wa mwanadamu. Waliporudi nyumbani majirani walikuja kutoa pole, na Elinihaki, kwa kutaka kuwatuliza, akasema kilikuwa kitu kidogo, wala hakuna la kuogopa. "Wamesema ikizidi nirudi," aliwaambia. Naelijwa alikuwa anamimina chai. Akainua kichwa, akasema, "Walisema ikianza, Baba Nakiete." Mumewe akacheka, akasema ni hayo hayo, na wageni wakacheka pamoja naye. Naelijwa hakutaka kubishana na mume mbele za watu, akaendelea kumimina.

Hivyo ndivyo neno lilivyobadilika, na kwa kuwa hakuna aliyelirudisha mahali pake, likakaa. Miaka miwili likakaa. Mtu akimwuliza habari ya moyo wake, Elinihaki alijibu kwamba upo, na kwamba ikizidi atarudi. Dawa alimeza, siku nyingine akasahau. Yule aliyewakemea watu waliodhani doa dogo halina hatari, yeye mwenyewe aliponywa mapema, akadhani hapakuwa na ugonjwa.

Ikafika Jumanne moja ya mvua za vuli. Elinihaki alifungua ndiva alfajiri, akaupapasa ukuta, akaukuta mkavu, akarudi nyumbani kunywa chai. Saa mbili, kikombe kikiwa bado mkononi, Naelijwa alimwona ameacha kutafuna. Aliweka kikombe chini polepole, akajishika kifua kwa kiganja kizima, akabaki anautazama mlango.

"Vipi?" aliuliza Naelijwa.

"Gesi. Makande yako ya jana."

Alitania, lakini hakutabasamu. Naelijwa alijua. Hili lazima lisemwe wazi, kwa sababu yeye mwenyewe hakujificha nalo baadaye: alijua dakika ile ile kwamba haikuwa gesi. Akasema, "Baba Nakiete, yule nesi..." Mumewe akamkatiza. Nesi alisema ikizidi, na hiki ni kidogo, lete magadi. Mwanamke akasimama kitambo, akiwa na maneno yote mdomoni. Kisha akaenda jikoni, akakoroga magadi kwenye maji ya vuguvugu, akampa.

Saa tatu Elinihaki alitapika, na wote wawili wakafurahi. Walisema gesi imetoka. Alitoka nje akakaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, akasema anaona nafuu, na Naelijwa akaamini nafuu ile kwa nguvu zake zote, maana alikuwa anaitaka. Aliokota ufagio akafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Kila akifika mwisho wa uwanja aligeuka kumtazama, na kila akimtazama alikuta kile kiganja hakijaondoka kifuani.

Saa nne jasho likatoka. Mlimani kulikuwa na ukungu, Naelijwa mwenyewe alikuwa amevaa sweta na kujitanda kitenge juu yake, lakini paji la uso la mumewe lilikuwa linadondosha maji. Akalipangusa kwa mkono. Lilikuwa baridi.

"Unatoka jasho," alimwambia.

"Ni magadi yanafanya kazi," alijibu mtu yule ambaye kwa unyevu wa kiganja kimoja kwenye udongo aliwatoa watu arobaini majumbani mwao.

Hapo Naelijwa alikasirika, na hasira ikampa ujasiri wa kitambo. Alisema wanakwenda hospitali sasa hivi. Na ajabu ni kwamba Elinihaki alikubali. Alikuwa amechoka, na pengine naye aliogopa. Lakini kwenda hospitali kwa watu wale ni kama kwenda kanisani. Mtu haendi alivyo. Miguu yake ilikuwa na tope la ndiva, shati lilikuwa la shamba, na atavuliwa nguo mbele ya mabinti wa umri wa mwanawe. "Siwezi kwenda kwa watu nikinuka tope," alisema. "Nitengee maji. Na lile shati jeupe, lipige pasi."

Mke akatii. Hakuona kwamba ni kosa, na mimi nawaambia kwamba wengi wenu msingeona. Aliona heshima ya mumewe. Kuni zilikuwa zimelowa kwa mvua, akapuliza moto hadi machozi yakamtoka. Akangoja maji yapate joto. Akatia mkaa kwenye pasi, akangoja pasi nayo ipate joto. Akanyoosha shati juu ya meza, kola kwanza, kisha mikono, kisha mgongo, huku akimsikia mumewe anajimwagia maji uani kidogo kidogo, anapumzika, anajimwagia tena. Ilikwenda saa nzima. Alipomvisha shati, mkono wa kushoto haukutaka kuinuka.

"Taya linaniuma," alisema Elinihaki. "Kama jino." Lakini meno ya upande ule yalikwisha kung'oka zamani.

Ilikuwa saa tano. Kutoka pale hadi barabarani ni mwendo wa saa nzima kwa mtu mzima mwenye afya, na njia ilikuwa imekatwa na mvua, pikipiki haipandi. Mgonjwa hushushwa kwa machela, wanaume wanne wanabeba na wanne wanapokezana. Jirani wa karibu alikuwa ng'ambo ya korongo. Naelijwa akatazama juu ya mlango, akanyoosha mkono, akaitoa pembe.

"Rudisha," alisema mumewe.

"Niwaite watu, Baba Nakiete. Nitakubeba peke yangu?"

"Pembe ni ya maji na ya msiba. Unanitangazia msiba na huku nakutazama? Rudisha. Nikipumzika kidogo nitatembea mwenyewe."

Alimtazama mumewe amekaa na shati lake jeupe, amefunga vifungo vyote hadi shingoni. Alitaka kulia, alitaka kumpiga. Akairudisha pembe.

Saa sita alianguka kutoka kwenye kigoda. Hakupoteza fahamu, alilala ubavu, macho wazi, anahema kwa mdomo. Sasa ilikuwa imezidi. Hakuna aliyebisha tena. Naelijwa aliiangusha pembe kutoka mlangoni, akatoka nayo hadi katikati ya uwanja, akaiweka mdomoni kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba ina milio miwili tu. Milio mitatu mifupi hakuweza. Mume wake alikuwa anapumua, angepigaje ile? Akavuta pumzi, akapiga mlio mmoja mrefu.

Ilisikika vizuri. Watu walisema baadaye kwamba hata Elinihaki mwenyewe hakuwahi kuipiga vizuri vile. Na watu wakafanya kama walivyofundishwa kwa miaka ishirini: wakaacha walichoshika, wakachukua majembe na vikapu, wakakimbia. Kutoka uwanjani Naelijwa aliwaona wakipita njia ya juu, mmoja nyuma ya mwingine, wanaume kwa wanawake, wakipanda kwenda kwenye ndiva. Aliwapungia mikono. Alipiga kelele, akawaita kwa majina. Waliokuwa mbele hawakusikia, na waliokuwa nyuma waliona mwanamke anayepunga mikono wakadhani anawahimiza, wakaongeza mbio.

Elinihaki alisikia vishindo vya miguu yao. "Wanakwenda kwenye ndiva," alisema. Naelijwa akakimbia hatua chache kuwafuata, akageuka kumtazama mumewe aliyelala chini, akarudi, akakimbia tena, akarudi. Akapiga pembe mara ya pili, na kule juu waliposikia wakasema hali ni mbaya kuliko tulivyodhani.

Walilikuta bwawa limejaa na limetulia. Lakini walikuwa wanafunzi wazuri, hawakuridhika na macho. Senkondo, aliyekuwa msaidizi wa Elinihaki, aliwapanga chini ya ukuta, wakaanza kuupapasa kwa viganja vitupu kutoka mwanzo hadi mwisho, jiwe kwa jiwe, wakitafuta jasho. Walipomaliza wakarudia. Ukuta ulikuwa mkavu. Hapo wakakasirika, wakashuka kuuliza ni nani amechezea pembe, na ilikuwa imepita karibu saa nzima walipoingia uwanjani na kumkuta mwanamke amekaa chini ameweka kichwa cha mlinzi wao mapajani.

Walimbeba kwa mbio. Lawama hawana. Walianguka kwenye tope mara mbili wakainuka, wakapata gari barabarani, na saa tisa walikuwa hospitalini. Nesi alilikata lile shati kwa mkasi kutoka chini hadi juu bila kulitazama, wakambandika waya kifuani, mashine ikatoa karatasi yake ndefu. Daktari aliisoma, akamgeukia Naelijwa aliyekuwa amesimama mlangoni na matope hadi magotini, akamwuliza ilianza saa ngapi.

Naelijwa aliona aibu. "Saa sita," alisema.

Daktari alimtazama. Hakuwa na ukali, alikuwa na haraka tu. "Mama, sikuulizi ilizidi saa ngapi. Nakuuliza ilianza saa ngapi?"

Mwanamke akakumbuka asubuhi ile. Akaona kikombe kinawekwa chini polepole, akajiona amesimama na maneno yote mdomoni.

"Saa mbili," alisema. "Alikuwa anakunywa chai."

Daktari akaandika, akamwuliza nesi kitu kwa sauti ya chini, kisha akamweleza Naelijwa kwa maneno mepesi. Dawa ya kufungua mshipa ipo, na watamtia sasa hivi. Lakini nyama ya moyo isiyopata damu hufa, nayo haifi yote kwa mara moja. Hufa kidogo kidogo, kila saa na sehemu yake, na iliyokufa hakuna dawa inayoifufua. Wangefika saa nne wangekuta moyo. Hata saa sita wangekuta kitu cha kuokoa. Naelijwa aliitikia kila neno, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeelekezwa njia.

Elinihaki alikufa kabla jua halijazama. Hakusema neno la kukumbukwa. Aliomba maji mara moja, akauliza kama Nakiete ameambiwa, akaishiwa pumzi.

Msibani watu walisema waliyozoea kusema. Walisema siku yake ilikuwa imefika, na kwamba hakuna ambaye angeweza kufanya lolote. Waliyasema kwa upendo, wakimshika Naelijwa mabega. Naye aliinamisha kichwa, maana hakuwa na nguvu za kuwaambia kwamba hiyo siku iliyofika ilikuwa na saa saba ndani yake, na kwamba yeye alikuwepo katika kila moja: saa ya magadi, saa ya nafuu, saa ya jasho na ya kuchemsha maji, saa ya kuona haya, saa ya kutafuta ugonjwa kwenye ukuta, saa mbili za njiani. Kila saa ilifika ikagonga mlango, ikakaa, ikaondoka. Amebaki na hayo mpaka leo. Hali chakula vizuri, halali vizuri, na akiulizwa anaumwa nini anasema haumwi.

Nimewasimulia watu wazima, sina haja ya kuwafafanulia ukuta ni nini na pembe ni nini. Ila wewe uliyekaa pale nyuma, ambaye tangu nilipoanza kusema umejishika kifua, na jasho linakutoka, na unaona haya kunyanyuka mbele za watu: unangoja nimalize?